Mnoko Nyumbani kwa Mama Mkwe

Method Nyangwine alikuwa fundi wa mtandao pale Nyamongo, na kama hujawahi kufanya kazi hiyo kwenye mji wa dhahabu, shukuru Mungu wako. Watu wa dhahabu hawana subira hata kidogo. Wakala wa pesa, mtandao ukimkatikia kidogo tu, anapiga simu. Mwenye gesti anapiga na kutukana. Mnunuzi wa dhahabu akishindwa kuona bei ya siku hiyo, hapigi simu, anakuja mwenyewe ofisini na vumbi lake, anasimama mlangoni anauliza kama humu ndani mmeajiriwa au mmeokotwa.

Miaka ya mwanzo Method alijua mtandao umekata kwa kusikia matusi. Hakuwa na njia nyingine. Akachoka, akaanza kujifunza kwa video za kwenye simu, mpaka akaweza kufunga kwenye seva ya ofisi programu ya kulinda mitambo. Programu ile ilikuwa inapiga hodi kwenye kila kifaa cha kampuni, kila mara, bila kuchoka: upo? Kifaa kikijibu nipo, alama yake kwenye skrini inabaki ya kijani. Kikinyamaza, inageuka nyekundu, ujumbe unaingia kwenye simu ya Method. Asipojibu, anapigiwa. Asipopokea, anapigiwa bosi wake, Philomena, kule Tarime mjini, na Philomena hakuwa mtu wa kupigiwa simu ovyo. Wafanyakazi wakaibatiza programu jina la Mnoko, kwa sababu ilikuwa hailali, haisahau, na kila kitu inamfikishia bosi.

Wacha wamseme, lakini Mnoko alileta amani. Betri ikianza kuchoka, anasema kabla haijazima. Chumba cha mitambo kikipata joto, anasema. Method akawa anafika kwenye mnara na spana mkononi kabla mteja hajajua kama kuna jambo. Matusi yakapungua, na Philomena akaanza kumsalimia kwenye simu kabla ya kumuuliza kazi, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Sasa kulikuwa na kituo kimoja juu ya kilima, katikati ya Nyamongo na Nyansurura. Kilima kile kinaona pande zote mbili, kwa hiyo mtandao wa Nyansurura yote, zahanati ikiwemo, ulipitia pale. Nguzo na antena zilisimama uani kwa mtu. Betri na rauta ilibidi zikae ndani kabisa, maana wachimbaji wanatafuta betri za taa zao kama wanavyotafuta mawe, na ukiziacha nje utakuta waya zinaning'inia. Mwenye nyumba alikuwa mjane anaitwa Mokami, mama mrefu, mchache wa maneno. Aliwapa chumba kimoja cha nyuma, ambacho lazima upite sebuleni kwake ndipo ukifikie.

Method akawa anapanda kilima kila baada ya siku kadhaa kuangalia mitambo. Mokami alikuwa na binti, Bhoke. Mara kebo imelegea, mara antena imepinda, mara hakuna kilichoharibika lakini ni vizuri kuhakikisha. Nyie mmeshaelewa. Hatimaye ng'ombe wa mahari wakaswagwa kupandishwa kilima kile kile, wazee wakala wakanywa, Bhoke akaolewa.

Hapo ndipo bwana fundi alipozinduka. Kwa Wakurya, mwanaume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Na ndani ya nyumba ya mama mkwe hukanyagi, labda uwe umerogwa. Mitambo yake, aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, sasa ilikuwa ndani ya nyumba pekee duniani ambayo yeye haruhusiwi kuingia. Tonny, fundi mwenzake, Mjaluo wa Sirari ambaye nusu ya Kiswahili chake kinatoka ng'ambo Kenya, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe jamaa," alisema akijifuta machozi, "wasichana wote hawa, ukaona lazima uoe kwenye stesheni! Sasa huko ndani utaingia aje?"

"Utaingia wewe," Method alisema kwa hasira. "Nyamaza uchukue vifaa."

Tonny akaenda, akafunga kila kitu ambacho Method aliweza kufikiria ili mtu asilazimike kuingia mle: swichi ya kuzima na kuwasha ukiwa mbali, kipima joto, na sensa ya kuhisi mlango wa chumba ukifunguliwa, ili mwizi akifungua Mnoko apige kelele. Kumbe Mokami naye alikuwa na mambo yake. Aligundua kwamba karibu na betri kuna joto zuri, akaweka humo kuku wake anayeatamia. Kila asubuhi anafungua mlango kumpa mtetea mtama na maji, na kila asubuhi Mnoko anapiga kelele: mlango umefunguliwa! Method akamwambia Mnoko jambo hilo aliandike tu, asimsumbue mtu.

Hata hivyo akazoea kuliangalia. Akifika ofisini, kabla ya kitu kingine chochote, anatazama mstari wa mlango kwenye skrini. Umefunguliwa. Basi anampigia Bhoke: "Mama ameamka salama." Bhoke anafurahi. Na Method mwenyewe, niseme ukweli, alikuwa anaona raha moyoni. Hakuwa na mama. Wake alifariki yeye akiwa mdogo. Huyu aliyempata hawezi hata kumwamkia shikamoo ana kwa ana, lakini kila asubuhi anajua kwamba ameinuka, ametembea, amemlisha kuku wake. Alijiona mkwe bora Tarime nzima.

Halafu ikaja rashi, mbio za dhahabu. Kuna mtu alichimba shimo la choo mbali huko, mwendo wa saa kadhaa kutoka kilimani, akatoa jiwe linalong'aa, na habari zikasambaa kama moto wa kiangazi. Weee! Hadi mchana wa siku ile watu walikuwa wameshagawana uwanja kwa kamba. Kesho yake asubuhi Nyamongo ilikuwa kimya, bodaboda hakuna, maduka yamefungwa, hata mama ntilie wamehamia huko na masufuria yao.

Method alifika ofisini akatazama skrini. Kila kitu kijani. Betri nzima, joto zuri, Nyansurura inapumua. Akatazama mlango. Haujafunguliwa.

Alijiambia labda vifaranga vimetotolewa na kuku kahamishwa. Akafanya kazi nyingine, akarudi kutazama. Bado. Tuseme ukweli, Mnoko hakuwa na kosa. Alifundishwa kusema jambo likitokea. Hakuna aliyemfundisha kusema jambo lisipotokea kwa mama wa watu. Mashine ikinyamaza yeye anapiga yowe, lakini Mokami hakuwa mashine, hakuwemo kwenye orodha yake.

Method akampigia Bhoke, ambaye alikuwa Tarime mjini amempeleka mtoto kliniki. Bhoke akampigia mama yake; simu ikaita weee, hakuna. Akampigia jirani wa mama, Tabitha, naye akapokea katikati ya kelele za sururu. "Sisi wote tuko huku, mwanangu! Kijiji kizima! Mama yako alisema yeye hana shida na mawe, akabaki."

Method akachukua pikipiki ya ofisi akapanda kilima. Alipofika, akasimama penye mti wa mwisho kabla ya ua, pale anaposimama mkwe, akaita. Hakuna jibu. Akaenda nyumba ya kwanza ya jirani kutafuta mwanamke yeyote: kufuli. Ya pili: kufuli. Ya tatu kulikuwa na watoto wadogo wawili na mbwa. Akarudi mbio, na safari hii akasikia mtu anaguna ndani, sauti ndogo, ya mtu ambaye ameshaita mpaka amechoka.

Mungu wangu. Alisimama mbele ya mlango ule, jasho linamtiririka. Alikuwa na miaka zaidi ya thelathini, anaendesha mtandao wa wilaya mbili, na kizingiti cha mbao kilimtetemesha kama mtoto.

"Mama," aliita, "ni mimi. Nimetafuta mwanamke, hakuna."

Sauti ya Mokami ikatoka ndani: "Tafuta tena."

"Wote wako kwenye rashi, mama. Wote."

"Basi niache hapa mpaka warudi."

Hawakuwa wa kurudi leo wala kesho, na wote wawili walijua hivyo. Method akaanza kulia, kusema kweli, mtu mzima, pale mlangoni. Akasema, "Mama, nilishazika mmoja."

Ndani akasikia kanga inavutwa. "Nimejifunika," alisema Mokami. "Na wewe tazama paa."

Akaingia akitazama bati. Alipapasa sakafu kwa mikono mpaka akamgusa, amelala kwenye korido, nyonga imevunjika, amelowa, baridi imemwingia, kanga imefunika uso wote. Alimbeba hivyo hivyo, yeye anatazama juu, mama hatazami popote, akijigonga kwenye fremu za milango, hadi nje. Njiani akasimamisha Fuso lililobeba mawe kupeleka kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Dereva aliona mwanaume amembeba mwanamke aliyefunikwa usoni akadhani ni maiti, akavua kofia. Wakampeleka kituo cha afya, na kutoka hapo akapelekwa hospitali kubwa.

Mokami alipona. Wazee wakasema mbuzi achinjwe kusafisha jambo lile, mbuzi akachinjwa, wakala, yakaisha. Hakuna aliyemlaumu Method. Wengine hata walimsifu, na Tonny alimsimulia kila mteja, kila mara akiongeza chumvi. Mokami akarudi kilimani kwake na magongo, mpwa wake wa kike akaja kukaa naye.

Siku moja Bhoke akaenda kumtazama, akarudi amepoa. Akakaa, akasema:

"Mama ameniuliza umejuaje kwamba ameanguka. Nikamweleza sensa ya mlango. Nilimweleza kwa kujivunia."

"Eeh?"

"Anasema utoe vitu vyako nyumbani kwake."

Method aliruka kutoka kwenye kiti. "Nitoe? Bila vile vitu si angekufa? Nimembeba mwenyewe! Na Nyansurura yote nitaipitisha wapi? Philomena ataninyonga!"

Bhoke akamwacha amalize. Kisha akasema polepole, "Anakushukuru kwa siku ile. Anasema siku ile uliomba, na yeye alikuruhusu. Lakini asubuhi zile nyingine zote hukuomba. Anasema kumbe tangu unioe ulikuwa unaingia kwake kila siku, naye anatembea mle ndani bila kanga kichwani, anaongea na kuku, akidhani yuko peke yake."

Hasira yote ilimtoka Method. Alitaka kusema mashine haioni, inahesabu mlango tu. Alijua pia kwamba yeye alikuwa anaona. Alikuwa anamwona kabisa, kila asubuhi, ameinama na mkono wa mtama, ndiyo maana alipenda kutazama. Aliona aibu kali, aibu ambayo hakuwa nayo hata alipombeba.

Kesho yake alikaa mbele ya seva, akafuta mstari wa mlango kwenye skrini yake na kwenye skrini ya ofisi. Akamtuma Bhoke kwa mama yake na swali, na mara hii aliuliza kama mtu anayebisha hodi: je, habari za mlango zikienda kwa binti peke yake, na mlango usipofunguliwa asubuhi simu ya binti iite, mama ataridhia? Mitambo mingine ibaki, mkwe asijue lolote la ndani?

Mokami alichukua wiki nzima kujibu. Akakubali. Method akaandika amri mpya, akaweka namba ya mke wake, kisha akamwambia Bhoke aweke neno la siri mwenyewe, yeye akageukia ukutani wakati mkewe anaandika.

Asubuhi iliyofuata walikuwa wanakunywa chai kwao, mtoto anachezea kijiko. Simu ya Bhoke ikalia mlio mfupi. Bhoke akaitazama, akailaza kifudifudi mezani, akachukua chupa ya chai. Method alimtazama usoni akitafuta dalili yoyote, akaona Bhoke anasubiri aone kama atauliza. Alitaka kujua kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akasogeza kikombe aongezewe chai, akamuuliza kama sukari bado ipo.