Vidonge Vilivyomnenepesha Mama

Mama alianza kunenepa mashavu tu. Mikono ilibaki myembamba vilevile, lakini uso ukawa duara kama sahani, na kila mgeni akamsifu: "Mama, umependeza! Siri ni nini?" Siri ilikuwa vidonge vya magoti. Kopo lilisema ni mitishamba mitupu, na kweli Mama sasa alipanda ngazi bila kushika ukuta.

Wifi yangu, mke wa kaka, hakumsifu. Alimtazama kwa muda, kisha akafunga vidonge vichache kwenye leso.

"Mama, naviazima."

"Tangu lini vidonge vikaazimwa?" Mama akacheka. "Utanirudishia vilivyotafunwa?"

Wifi ni mkemia katika maabara ya kupima dawa. Mashine yake ni mrija wa kioo mwembamba kama unywele. Dawa huingia upande mmoja, umeme huwashwa, na vitu vilivyochanganyika husafiri kila kimoja kwa mwendo wake; kinachofika huchora kilima kwenye kompyuta. Vitu visivyovutwa na umeme huhitaji kubebwa, kwa hiyo maji ya mrija hutiwa kemikali ya jamii ya sabuni. Tatizo ni kwamba vitu vyenye asili ya mafuta huing'ang'ania sabuni hiyo vyote kwa pamoja, vikafika vimekumbatiana. Ndiyo maana Wifi hutengeneza vifuko vya mafuta vidogo mno, vyenye utando unaofanana na wa chembe hai za miili yetu. Kwenye vifuko hivyo kila kitu hushika kwa kiasi chake, na vilivyokumbatiana huachana. Kazini wanamwita Mama Vipovu.

Kwa sabuni, vidonge vya Mama vilichora kilima kimoja kinene. Kwa vifuko, vikachora viwili. Wifi akaongeza kwenye sampuli tone la steroidi, ile dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo daktari humpa mtu kwa uangalifu mkubwa, maana ikizidi huvimbisha uso. Kilima cha pili kikapanda, maana yake ndiyo iliyokuwamo tangu mwanzo. Mitishamba mitupu!

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, kwa sababu shehena mpya ya vidonge hivyohivyo ilikuwa hapo ikisubiri cheti.

"Njia iliyoidhinishwa ni ya sabuni," mkuu alimwambia. "Andika ulichoona kwa sabuni."

"Lakini vifuko umenifundisha wewe mwenyewe!"

"Nilikufundisha utafiti. Hiki ni cheti."

"Na mama mkwe wangu anayevinywa?"

"Mwambie aache."

Nasema hivi: mtu asiyejua tungemsamehe. Huyu alijua! Alijua kiasi cha kuiokoa familia moja na kuziacha nyingine ziendelee kumeza. Na hata ushauri wenyewe ulikuwa wa hatari, maana aliyezoea dawa ile akiiacha ghafla anaweza kuzimia.

Wifi alikataa kuandika. Kesho yake akahamishiwa chumba cha kuosha vyombo vya kioo, na cheti akakiandika mwingine. Kaka akamsihi anyamaze, asije akafukuzwa.

"Ninyamaze, halafu nimtazame mama yako usoni kila siku?" alimjibu. Akavua glavu, akaenda kwa wakaguzi wa dawa.

Wakaguzi walikuja maabara wakataka vipimo vyote viwili vifanyike mbele yao. Mama alisisitiza kuwepo, nikampeleka. Tulisimama nyuma ya viti tukitazama skrini. Sabuni: kilima kimoja. Vifuko: viwili, vimeachana kabisa. Mkuu akakohoa kidogo.

"Hata mimi siku zote nimesema njia ya vifuko ni bora," alisema.

Nilifungua mdomo nimjibu. Lakini Mama alinitangulia.

"Baba," alimwita, ingawa ni wa umri wa mwanawe, "ulijua?"

Mkuu akaanza kueleza kuhusu taratibu.

"Sikuuliza taratibu. Nimeuliza, ulijua?"

Mkuu akavua miwani yake akaifuta, ikawa kama haifutiki.

Vidonge viliondolewa madukani na cheti kikafutwa. Daktari alimpunguzia Mama dawa kidogo kidogo, mashavu yakarudi kama zamani, na magoti yakarudi kuuma. Wageni sasa humpa pole kwa kukonda. "Nilikuwa nimevimba, sikunenepa!" huwakemea, na hapo hapo huanza kuwasimulia yote, mpaka chai inapoa.

Wifi amerudishiwa mashine yake. Mkuu naye bado ni mkuu. Juzi alisafiri kwenda kuwahutubia wakemia wenzake kuhusu vifuko vya mafuta, na kila sentensi, walivyosimulia waliokuwepo, ilianza na "njia yetu".

"Bado mnasalimiana?" nilimuuliza Wifi.

"Ananisalimia, namwitikia. Kazi ni kazi."

Mimi nisingeitikia.