Maziwa Kabla ya Sindano

Baba yangu alikuwa daktari wa mifugo, na kwa miaka yake yote ya kazi Garsen hakuwahi kumdunga ng'ombe sindano kabla ya kunywa maziwa ya mwenye ng'ombe. Hiyo haikuwa sheria ya serikali. Ilikuwa desturi ya Waorma wa nyanda zile, wafugaji ambao mali yao yote husimama kwa miguu minne. Ukifika kwao unaletewa maziwa mabichi ndani ya chombo kilichofukizwa moshi. Ukiyanywa, umekuwa mtu wa kusikilizwa. Ukiyakataa, hakuna atakayekutukana. Utaagwa kwa heshima, ng'ombe wataswagwa malishoni mbele ya macho yako, na sindano yako utarudi nayo kama ulivyokuja nayo.

Madaktari waliomtangulia waliyakataa, maana walikuwa wamesoma na walijua maziwa mabichi yana nini ndani. Baba naye alikuwa amesoma, tena Nairobi, katika miaka ambayo watu wa mtoni kwetu walihesabu wasomi wao kwa vidole vya mkono mmoja. Vijidudu hivyo alivijua kwa majina. Nyumbani hakuruhusu tone la maziwa lipite kooni mwetu kabla halijachemka mara tatu, halafu anapanda pikipiki ya ofisi, anakwenda kwa wafugaji na kunywa mabichi. Mama alimwuliza kama vijidudu vya kule vina adabu kuliko vya jikoni kwake. Akamjibu, "Mke wangu, ng'ombe hachanjwi kwa cheti."

Yeye mwenyewe alikuwa Mpokomo wa Golbanti, mtoto wa migomba na mahindi. Waorma walimtania kwamba ni mkulima aliyepotea njia ya shamba. Kwao Golbanti nako, kila ng'ombe walipovamia mashamba, ndugu zake walimnunia yeye, kana kwamba ndiye aliyewatibu wakapata nguvu ya kuvunja ua. Lakini pande zote mbili zilipogombana, zilimwita yeye. Alikuwa na majibu makali na subira fupi, na kabla ya chai ya asubuhi ilikuwa kazi kumpenda. Mimi nimerithi yote hayo isipokuwa usomi.

Mwaka ule wa mvua kubwa nilikuwa nimerudi nyumbani na binti yangu wa miaka minne, baada ya ndoa ambayo sitaizungumzia hapa. Mimi baba alinilea kwa amri. Mjukuu wake alimlea kwa peremende. Alimvisha kile kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, akamfundisha kusikiliza tumbo la mbuzi na kusema, "Huyu ameshiba, babu." Nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe, na sioni aibu kukiri.

Mvua ile dunia nzima iliiita El Nino. Sisi tuliuona mto Tana ukiacha mahali pake na kuja mjini. Barabara ya Malindi ikapotea, Garsen ikabaki kisiwa, unga ukawa unaletwa kwa ndege. Mbu walikuwa wengi hata mtu akiongea anawameza. Kisha kondoo wakaanza kuharibu mimba. Baba alirudi siku moja akakaa mezani bila kuvua viatu. "Wenye mimba wote," alisema. "Zizi zima, siku moja."

Alishuku ugonjwa uliokuwa ukimtia hofu tangu chuoni. Huja baada ya mvua za kupita kiasi, mbu huwaambukiza wanyama, na kwa binadamu hupitia kwa mbu hao hao, damu na nyama ya mnyama mgonjwa, hata maziwa yake mabichi. Akachukua damu ya kondoo, akaipeleka Nairobi kwa ndege iliyoleta unga. Hakungoja majibu. Alifunga machinjio ya mji, na nyumbani kwetu akapiga marufuku nyama na maziwa.

"Hata ya kuchemsha?" mama akauliza.

"Hata ya kuchemsha."

Habari mbaya ililetwa na mtu wa mtumbwi. Upande wa chini wa Garsen palikuwa na mwinuko, na familia za wafugaji zilikuwa zimezingirwa pale na maji pamoja na mifugo yao. Chakula kilikuwa hakijawafikia. Mnyama akianza kuyumba walimkimbilia na kisu wamchinje kabla hajafa, nyama isiwe haramu, wakala wao na watoto wao. Watu wawili walikuwa wamekwisha kufa huku damu ikiwatoka puani. Mkubwa wa mahali pale alikuwa mzee ambaye baba alimtibia ng'ombe kwa zaidi ya miaka ishirini.

Glavu za ofisi zilikuwa zimeisha, lakini baba akasema atakwenda. Mama alisema asiende. Mimi nilimwambia aandike barua ya kuwataka wazike mizoga, yule mtu wa mtumbwi aipeleke.

"Nani mwenye njaa ataacha nyama kwa ajili ya barua?" akasema. Akatia buti mguuni, akaenda.

Alirudi siku ya nne, adhuhuri. Alisimama ndani ya maji mbele ya ua, nguo zimekakamaa kwa damu ya wanyama, wala hakupanda juu. Binti yangu alimwona kabla yetu, akatoka mbio mikono mbele.

"Mrudisheni!" baba alipiga ukelele. "Mrudisheni huyo! Asinishike!"

Hakuwa amewahi kumpazia sauti. Mtoto alisimama pale pale kwenye matope akajikojolea. Baba alivua nguo zote nyuma ya choo, mama akazichoma moto, naye baba akajisugua kwa sabuni na dawa hata ngozi ikawa nyekundu. Alipoingia ndani alisema neno moja tu kuhusu safari yake: "Watazika."

Siku ya pili baada ya hapo kichwa kilianza kumuuma. Siku ya tatu macho yalikuwa manjano, ufizi ukawa unavuja damu. Kituo cha afya kilikuwa kimejaa maji hadi madirishani. Mhudumu alikuja kwetu na dawa za malaria, akazitoa bila kututazama usoni. Baba alizimeza ili kumridhisha. Alijua ana nini. Alitueleza hata dalili zitakazofuata, kwa mpangilio, kama anayefundisha darasa, na zikafuata.

Mtoto alikuja mlangoni kila asubuhi. "Babu, bado umekasirika?"

"Mwambie sikumkasirikia," baba aliniambia. Nilimwambia. Hakuniamini, na simlaumu, maana alikuwa ameona kwa macho yake. Sasa ni mkubwa, na bado nikimweleza hunisikiliza kwa adabu tu.

Siku ya mwisho ambayo baba aliweza kuongea nilimwuliza, "Ulikunywa maziwa yao?"

"Nilikunywa."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Akafumba macho. Alifariki kesho yake, asubuhi, mama akiwa amemshika miguu. Mbao hazikupatikana, kwa hiyo jeneza lilitengenezwa kwa kabati letu la vyombo. Makaburi ya Golbanti yalikuwa chini ya maji, na mtu aliyetibu nusu ya mifugo ya delta akalazwa kwenye kipande cha ardhi kavu nyuma ya mji, pasipo na ndugu yake hata mmoja. Watu waliozika walikuwa kumi na mmoja. Ningeweza kuwataja wote.

Pengine haikuwa maziwa. Alikuwa amepasua mizoga kwa mikono mitupu, na mbu walikuwa wanatula sote. Najua hilo. Lakini mbu hana uso wa kumchukia, na yule mzee alikuwa nao. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilimwona mawazoni akimkabidhi baba yangu chombo kile huku akijua mifugo yake inaanguka, kwa sababu desturi ni desturi. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mwenyeji alipona.

Mzee huyo alikuja maji yalipopungua. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kule, fimbo mkononi, matope hadi magotini, na nyuma yake hakukuwa na hata mbuzi mmoja. Nilimpokea mlangoni, sikumkaribisha ndani. Alitoa pole kwa kirefu. Nilimwacha amalize, kisha nikamtolea yaliyokuwa yamenikaa kifuani.

"Mzee, kwa nini ulimpa baba yangu maziwa?"

Alinitazama kama mtu aliyesingiziwa.

"Mimi hapana pa yeye maziwa," akasema.

"Alisema mwenyewe kwamba alikunywa."

"Ndiyo, nakunywa. Lakini sisi hapana toa." Aliegemea fimbo yake. "Siku mbili daktari nakaa pale. Siku mbili nasema zika, zika, hapana kula. Watu iko na njaa. Sisi nakasirika. Mimi naambia mke yangu, huyu hapana pa maziwa. Ataona, ataenda kwao."

Nyuma yangu mama alikuwa ameacha kupeta mchele.

"Siku ya tatu yeye nasimama katikati ya watu. Naomba maziwa. Kwa mdomo yake." Mzee alitikisa kichwa. "Kwetu mgeni hapana omba maziwa, binti ya daktari. Ni aibu. Kwa yeye, kwa sisi. Mke yangu naleta, nalia. Daktari nakunywa yote. Halafu nasema, sasa nisikieni." Alinyanyua mkono, akaushusha. "Sasa sisi tafanya nini? Tukasikia. Tukazika wote. Watoto yangu iko hai, wote."

Hasira ya wiki zote zile, niliyokuwa nimemwekea yeye peke yake, haikuwa yake. Alikuwa na njia ya kuondoka, baba yangu. Wenyeji wenyewe walikuwa wamemfungulia. Angepanda mtumbwi siku ya pili, akarudi kwetu mzima, mjukuu wake angemrukia shingoni, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Nilimkasirikia vibaya sana, nikakaa chini pale kizingitini mbele ya yule mzee, nikamlilia baba kwa mara ya kwanza tangu tumzike.