Mvuvi wa Kanisani Aliyevaa Makubadhi

Babu yangu alikuwa Mwislamu safi, na milango ya kanisa iliyo mizuri kuliko yote bara aliichonga yeye. Nayasema haya kwanza, asiyetaka kuyasikia aondoke mapema.

Alizaliwa Unguja, akajifunzia nakshi huko huko, na enzi za ukoloni padri mmoja wa Kizungu akamwita bara. Alianza na milango, akafuatia mimbari, kisha padri akamwomba sanamu ya mmoja wa wanafunzi wa Nabii Isa, yule mvuvi. Babu hakuwahi kuchonga mtu. Alikubali, na uso alioutoa ulikuwa wa kumliza mtazamaji. Miguuni sasa! Alimvisha makubadhi, viatu vya ngozi vya Unguja, mishono na yote, kwa kuwa hakujua mtu wa heshima avae kiatu gani kingine. Padri alicheka mpaka akakaa chini, na sanamu ikabaki vile vile. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Babu alicheza ugenini na akatunzwa.

Picha ninayo: babu kavaa kanzu na kofia, patasi mkononi, kasimama kando ya mvuvi wake. Mama aliificha sandukuni miaka yote tangu tuhamie Oman. Alipofariki, niliitundika kwenye majlisi yangu, chumba cha kupokelea wageni, hapa Ibra.

Kisha watu wa Sur, mji wa pwani, wakataka kuja kumposa binti yangu. Siku yenyewe kaka yangu mkubwa alifika asubuhi kutoka Nizwa, na hata kahawa hakuinywa.

"Yakhi, toa hiyo picha. Aib! Watasema sisi wachonga masanamu, na mtoto atakosa mume."

Niliitoa. Nilijidharau, lakini nilijua binti yangu anavyompenda kijana yule. Baada ya sala ya adhuhuri niliikuta imerudi ukutani, na binti yangu bado yuko juu ya kiti, anainyoosha.

"Baba, kama watanikataa kwa ajili yake, bora wanikatae leo," alisema.

Wageni wakaja alasiri, wanaume peke yao, tukawakaribisha halwa. Babu wa kijana, mzee wa Sur ambaye Kiswahili chake ni cha zamani kuliko changu, aliiacha halwa akaitazama picha.

"Huyu nani?"

Kaka akainamisha kichwa.

"Babu yangu, sheikh. Fundi wa nakshi. Milango ya kanisa moja huko bara kaichonga yeye, na hilo sanamu ni mkono wake." Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nikijivuna, na sikuona haya.

"Na sala?"

"Akisali kwa wakati. Padri akimngoja mpaka amalize."

Mzee akaizungusha tasbihi vidoleni. Nilimfikiria mtoto wangu, amesimama nyuma ya pazia na mama yake, anasubiri jibu lile lile ninalolisubiri mimi.

"Baba yangu alikuwa akitia nakshi majahazi, kwetu Sur," alisema mwishowe. "Mkono kama huu haufichwi. Haya, posa yetu iko pale pale, tusomeni Fatha."

Tukainua mikono. Kaka hakuinua yake. Alikuwa anaitazama picha, macho yamemjaa machozi.

"Ni babu yangu mimi pia," alisema.