Bamba la Mguu wa Kushoto

Sinyora niliyempikia kwa miaka mingi alipoamua kufunga nyumba yake ya Malindi na kurudi kwao Italia, alinigawia vitu ambavyo hakuna mwingine aliyevitaka. Sufuria nzuri zilikuwa zimeshachukuliwa, mapazia yalikwenda kwa mtunza bustani, nami nikabaki nikitazama furushi refu la turubai na gunia lililokuwa likilia vyuma. Ndani ya turubai mlikuwa na jozi ya mbao ndefu nyembamba, zimepinda kwa mbele, za marehemu mumewe, za kutelezea kwenye theluji. Kwenye gunia mlikuwa na viatu vya plastiki vigumu kama ndoo, na rundo la vibano vya zamani vya kushikia viatu hivyo kwenye mbao. Mtu alileta vifaa vya theluji Malindi kwa sababu gani, hata sinyora hakujua. Alisema mumewe hakuwa mtu wa kutupa kitu.

Nilivikubali kwa sababu ya mdogo wangu. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui. Walipanda mpaka juu, kisha wakateremka wamesimama kila mtu juu ya ubao wake mmoja, naye akitangulia kuwaonyesha njia. Siku moja pikipiki ikamwangusha akienda huko. Mguu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba mfupa ule ukivunjika tena pale pale, asitarajie kuukanyagia tena.

Watu walikuja kumjulia hali na machungwa na methali. Kila mmoja alimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kana kwamba yuko mkuu aliyemkataza kupanda pikipiki. Mimi niliwafungulia mlango na kuwapa chai, lakini moyoni nilitamani niwamwagie.

Baba yetu ni seremala hapa Muyeye. Alikuja mjini kutoka Vitengeni akiwa kijana, na tangu hapo ametengeneza milango na vitanda vya nusu ya mtaa huu. Mdogo wangu alipoanza kutembea, bega moja juu na jingine chini, baba alimwambia amletee kiatu cha kushoto akiongezee soli ya mbao. Akakataa. Alisema kiatu cha namna hiyo ni cha kilema, na yeye si kilema, anachechemea tu. Baba hakulirudia jambo hilo. Sisi wengine tuliambiwa tusilitaje, na kwa nyumba yenye watu wanaopenda kusema kama yetu, hiyo ilikuwa adhabu.

Alichotaka mdogo wangu ni kurudi kilimani tu. Ubao mmoja haukumfaa tena, kwa sababu mtu husimama juu yake kwa ubavu na uzito mwingi humwangukia mguu wa nyuma. Nikawaza kwamba mbao mbili, kila mguu na wake, zingegawana uzito huo. Wazo lilikuwa langu, nami nililijivunia kabla sijaiona kazi yenyewe.

Nilipozifikisha mbao kwa baba aliniuliza zinaitwaje. Nikamwambia Wataliano huziita shii. Akanyamaza. Nikangoja. Mwisho akauliza kwa sauti ya chini nani anakuja, na kwa nini nimemnyamazisha kwenye karakana yake mwenyewe. Tangu siku hiyo tukaziita mbao.

Vibano vilivyokuwa vimefungwa kwenye mbao vilikuwa vimekufa kwa kutu. Hewa ya hapa ina chumvi, na chumvi haina urafiki na chuma. Ikabidi tuchague vingine kutoka kwenye gunia, nasi hatukujua tunachagua nini, basi nikampigia sinyora simu ya picha na kumwonyesha kimoja kimoja. Akanieleza kwamba kila mguu una vibano viwili, cha mbele kinachoshika ncha ya kiatu na cha nyuma kinachobana kisigino, na kwamba vyote vinne lazima viwe vya aina moja. Tukatupa vyenye plastiki iliyopasuka. Tukatupa vile ambavyo springi yake ikibonyezwa inabaki imelala. Vilivyobaki tukavijaribia kiatu, kwa sababu viatu vya zamani soli zake hazilingani unene, na kibano kinachokaa juu ya soli kama kofia iliyoazimwa hakifai. Ikapatikana seti moja tu, ya rangi ya chungwa iliyopauka, na kila kibano kilikuwa na kidirisha cha namba na skrubu ya kukazia springi.

Namba ile ndiyo iliyotugombanisha baadaye. Sinyora alisema tuiweke chini, kwa sababu mdogo wangu ni mwembamba na mguu wake ni mbovu. Mtu akianguka, alisema, kiatu lazima kichomoke. Mumewe aliwahi kukaza sana, naye alimuuguza miezi mingi. Alitumia Kiswahili chake cha jikoni, nami nilimwelewa vizuri kuliko siku zote.

"Hiyo kitu ikikataa kuacha," alisema, "mguu ndiyo navunjika."

Baba alikuwa ameketi kando yangu akitikisa kichwa. Nilidhani anakubali.

Kazi ya kufunga aliifanya kwa utulivu wake wote. Alitafuta alama ya katikati kwenye kiatu na alama ya katikati kwenye ubao, akazilinganisha. Alizungushia keekee utepe ili isizame zaidi ya pale alipotaka, kwa maana ubao ni mwembamba, na tundu likitokea upande wa chini ubao umekwenda. Kila tundu alilitia gundi kabla ya skrubu. Chini ya vibano aliweka mabamba ya kuinulia kiatu, mazito ya plastiki, tuliyoyakuta kwenye gunia lile lile. Bila bamba, mtu akijilaza upande ukingo wa kiatu huburuta mchangani na kumwangusha. Hilo nililielewa.

Kisha mdogo wangu akavaa, akasimama juu ya mbao zote mbili katikati ya maranda na vumbi, nami nikaona mabega yake yamelingana.

Sikuwa nimeliona jambo hilo tangu ajali. Nikainama, nikatazama. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya bamba tupu. Wa kushoto ulikuwa juu ya bamba, na chini ya bamba palikuwa na kipande cha mvule kilichopigwa randa mpaka kikang'aa. Nikainua macho kumtazama baba. Alikuwa akifuta gundi kwenye vidole, akasema bila kuulizwa kwamba mchanga wa Mambrui umeinama, lazima upande mmoja uwe juu. Mchanga wa Mambrui umeinamia pande zote, hata mtoto anajua. Mdogo wangu alisema sawa baba, akajishika kiuno akitazama mbele. Nami, ambaye siwezi kunyamazia hata chai isiyo na sukari, nikanyamaza.

Asubuhi ya kwenda Mambrui nilifika karakanani kabla ya mdogo wangu. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, tayari kwa safari, na juu ya kila kibano cha nyuma palikuwa pamezungushwa mpira wa baiskeli, ule wa kufungia mitungi ya maji, umekazwa mpaka ukawa mwembamba. Nikatazama vidirisha. Namba zilikuwa zimepandishwa mpaka mwisho.

Nilipandwa na hasira. Nikamuuliza baba ni nani kafanya hivi. Akasema ni yeye, na kwamba hajawahi kutoa karakanani kitu kinachojifungua chenyewe. Mlango wake haujawahi kumwangukia mtu, na kitanda chake hakijawahi kuachana na miguu yake. Mwanawe anakwenda kuteremka kilima, na yeye ampe kitu kilicholegea? Watu wangesema nini?

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi. Huku kwetu fundi anayefunga kitu kikafunguka hapati kazi ya pili. Hata mwenye baiskeli huongeza mpira mmoja juu ya ule unaotosha. Lakini nilikuwa nimemsikia sinyora, na baba pia alimsikia, akatikisa kichwa.

"Baba, leo mkuu ndiye asiyesikia," nikamwambia. "Na guu litakalovunjika si lake."

Niliona haya mara tu maneno yaliponitoka. Mzazi haambiwi hivyo. Lakini sikuyarudisha. Nikachukua kisu, nikakata mipira yote miwili, nikaitupa kwenye maranda.

Baba akachukua bisibisi, akaketi, akalegeza springi moja moja mpaka namba zikashuka pale sinyora aliposema. Hakuniangalia. Alipomaliza alivua ndara, akaingiza mguu wake mwenyewe kwenye kiatu cha ndoo, akakikanyagia kibanoni mpaka kikalia, akaniambia nimsukume. Nikasita. Akasema nisukume, si una maneno. Nikamsukuma kwa upande. Kibano cha mbele kikafunguka, kiatu kikachomoka, na baba akaketi kitako juu ya maranda, mguu wake mzima. Akabaki hapo akikitazama kile kibano.

"Kumbe kimetengenezwa kiachie," akasema.

Tulikwenda Mambrui kwa tuktuk, ncha za mbao zikitokeza nje, watu wakituuliza kama tunahama. Kilimani tukazipaka mbao mshumaa kwa chini. Mdogo wangu akakwangua mchanga wote kwenye soli, maana hata punje chache zinakizuia kiatu kushika, akavaa, akapanda kwa upande hatua kwa hatua, akitokwa na jasho ndani ya viatu vile vya baridi. Alipofika juu akasimama. Nilimwona kutoka chini, amenyooka kama alivyokuwa zamani.

Aliteremka vizuri mpaka katikati. Hapo ncha ya ubao wa kushoto ikazama, naye akarushwa mbele. Baba, ambaye hakimbii hata akinyeshewa, alikimbia. Mimi nilibaki nimesimama, nikisema Mungu wangu, Mungu wangu, wala sikujua ninasema kwa sauti. Nilipowafikia, ubao ulikuwa umesimama wima mchangani peke yake, na mdogo wangu amelala mbali nao, mchanga umemjaa mdomoni. Baba alikuwa amepiga magoti akiupapasa ule mguu kutoka gotini hadi kwenye kiatu, polepole, kama anavyopapasa mbao akitafuta ufa. Mdogo wangu alikuwa akicheka. Mimi nililia, na siioni aibu kusema.

"Kimeachia," baba akasema. Akalisema tena, akinitazama mimi.

Mdogo wangu akapanda tena, na safari hiyo akafika chini amesimama. Siku hizi anaongoza wageni kama zamani, wao na ubao wao mmoja, yeye na mbao zake mbili, na wapo wanaodhani ndivyo kiongozi anavyotakiwa kuwa.

Lakini siku ile, alipovua vile viatu chini ya kilima na kuvaa ndara zake, bega la kushoto likashuka tena. Tulikuwa watatu, na sote tuliliona. Alitembea mpaka kwenye tuktuk akichechemea kuliko kawaida, au labda mimi ndiye niliyekuwa nimesahau. Njiani baba alizishika mbao mapajani akitazama nje, nami nikajua anaogopa kuulizwa habari za kile kipande cha mvule.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa karakanani nikimpelekea baba chakula. Mdogo wangu akaingia, akasalimu, akaweka kiatu kimoja juu ya meza ya kazi. Kilikuwa kiatu chake cha kanisani, cha kushoto, kimepigwa rangi vizuri. Baba aliacha kula. Akanawa mikono, akaifuta, akavuta droo alimoweka futi yake.

"Acha futi, baba," mdogo wangu akasema. "Kipimo si unacho."

Baba akaifunga droo. Akakigeuza kiatu, akakitazama soli muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akainuka kwenda kutafuta kipande cha mvule.