Vitambaa Vyeupe vya Mpwapwa

Barua iliyonipeleka Mpwapwa ilifika ofisini kwetu Dodoma siku ya Jumatatu, na nilipoisoma chai ilinishinda. Mwaka mzima tulikuwa tukitembea kifua mbele. Nchi nyingi zilikuwa zimeungana kuchunguza hewa ya dunia, ili yeyote akilipua bomu la nyuklia kwa majaribio, hata kwa siri, chembechembe za mionzi zinazopeperushwa na upepo zinaswe mahali fulani na yeye aumbuke. Sisi tulipewa mtambo mmoja wa kufyonza hewa, tukaufunga Mpwapwa. Kila wiki kitambaa cha kichujio kilitolewa, kikatiwa kwenye bahasha, kikapanda basi hadi kwangu, nami nikakituma Ulaya kwenye maabara. Barua yao ya kwanza ilisema hewa yetu ni safi kuliko ya kituo kingine chochote. Bosi aliitia fremu akaitundika ukutani.

Hii ya pili ilikuwa na lugha nyingine. Hakuna hewa safi namna hiyo duniani, waliandika. Hata vumbi la kawaida lina mionzi yake kidogo, ya ardhini na ya angani, na vitambaa vyetu karibu havikuwa nayo kabisa. Kulikuwa na tetesi kwamba kuna nchi imelipua bomu mwezi uliopita, na wiki yenyewe waliitaja. Walikuwa wanalinganisha vituo vyote, na cha Mpwapwa hawakukiamini. Tusipowapelekea walau kitambaa kimoja cha kuaminika, pamoja na maelezo, mtambo utahamishiwa nchi nyingine.

"Nenda kesho," bosi aliniambia. "Wewe ndiye unayeukagua kila mwezi, unaujua."

Nikaitikia. Ukweli ni kwamba mtambo ule niliuona mara moja tu, siku tulipoufunga. Fomu za ukaguzi nilizijazia mezani kwangu, mwezi baada ya mwezi: "Nimekagua, uko salama." Vitambaa vilikuwa vinafika kwa wakati, na njia ya Mpwapwa ina vumbi. Nilijiona mjanja.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka nyumbani Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, kwa miguu hadi stendi. Zama za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, zilikuwa zimepamba moto. Maduka ambayo miaka michache nyuma yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, sasa yalimwaga bidhaa hadi barazani. Sabuni peke yake ilijaza meza nzima, za miche na za unga, za kila rangi. Mimi niliyewahi kufulia majani ya mpapai bado nilikuwa nikisimama kuzitazama. Nilinunua pakiti mbili za unga nimpelekee Mama Ndahani, mke wa mzee anayetutunzia mtambo, maana ugenini huendi mikono mitupu.

Mbande tuliiacha lami. Kuanzia hapo vumbi jekundu liliingia kila palipo na upenyo, na tulipofika Kongwa, saa tatu na nusu, nyusi zangu zilikuwa zimebadilika rangi. Nilishuka kunawa. Kondakta, ambaye ndiye aliyekuwa akiniletea bahasha kila wiki, alikuja kusimama karibu yangu.

"Bosi, leo unaenda mwenyewe?" aliuliza. "Zile bahasha za Mama Ndahani mnawekaga nini ndani? Zinanukia mpaka raha. Nilidhani ni nguo za mtoto mchanga."

Nikacheka. Tulipopanda tena basi kicheko kikaniisha, nikaanza kujiuliza kitambaa kilichofyonza hewa ya Mpwapwa wiki nzima kingenukiaje vizuri.

Saa tano na robo niliingia uani kwa Mzee Ndahani, mstaafu wa mambo ya mifugo, nyumba yake ikiwa chini kidogo ya milima. Mtambo ulikuwa ukinguruma vizuri ndani ya uzio wake. Nikaamkia kwa Kigogo nilichokuwa nacho, "Mbukwenyi," kisha nikaongeza shikamoo. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe upo."

Nilitaka kumjibu, ila macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Kati ya kanga na shati la mzee kilining'inia kitambaa chetu cha kichujio, kimebanwa kwa vibanio viwili, kinachuruzika maji. Kilikuwa cheupe kama siku nilipokitoa kwenye boksi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama," nilimwambia Mama Ndahani alipotoka jikoni, "umekifua?"

"Nimekifua. Jua ni kali, sasa hivi kitakuwa kimekauka, utaondoka nacho."

"Na vile vingine?"

"Vyote, tangu mashine ije. Kinatoka pale kimekuwa chekundu, wiki nyingine cheusi. Nitamrudishiaje mtu kitu chake kikiwa hivyo? Hata bakuli la jirani huwezi kulirudisha na masizi. Nakiloweka kwa sabuni ya unga, nakisuuza mara tatu. Taratibu, kisichanike."

Alisema kwa fahari ya mtu anayesubiri kushukuriwa. Vitambaa vya mwaka mzima vilikuwa vimesuuziwa kwenye beseni la bluu lililokuwa chini ya kamba. Na ile barua ya sifa, iliyokuwa ikisomwa na kila mgeni wa ofisi yetu, ilikuwa inasifia ufuaji wa Mama Ndahani. Pakiti zangu mbili za sabuni zilikuwa bado mkononi. Nilizirudisha kwenye mkoba asizione.

Nikawaeleza. Kwamba tulichokuwa tunakitaka ni uchafu wenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo chembe za bomu zingeonekana. Mama Ndahani alitazama viganja vyake.

"Chembe za bomu? Mimi nimezishika kwa mikono hii?"

"Hapana, mama. Hata zikiwapo ni kidogo mno, mpaka mashine kubwa ndiyo inaziona. Hazikukudhuru."

"Una hakika?"

Nilimwambia nina hakika, na kweli nilikuwa nayo, lakini niliona aibu kusikia swali hilo likiulizwa mwaka mmoja baadaye.

Mzee ndiye aliyenimaliza. "Siku ile mnaufunga ulisema utakuwa unakuja kila mwezi kuangalia tunavyofanya," alisema, tena kwa upole. "Mama yako alikuwa anatenga kuku. Mwezi ukiisha hujaja, tunamla wenyewe. Ungekuja mara moja tu, ungeiona hiyo kamba."

Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Siku ile hapakuwa na kuku, kwa sababu walishaacha kunitegemea.

Saa nane nilipokuwa nafunga mkoba, Mama Ndahani aliniita pembeni. Kutoka chini ya nguo zake sandukuni alitoa kitu kilichokunjwa ndani ya karatasi ya kaki.

"Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Kibakwe, nikakaa siku kumi. Mzee alikitoa hiki akakiacha. Niliporudi wiki nyingine ilishaingia, nikaona aibu kukituma kimechelewa na kichafu. Nilikuwa nangoja nipate nafasi nikifue."

Kumbe ndiyo wiki ambayo bahasha haikufika, nami sikuuliza. Nilikifungua nusu. Kilikuwa cha rangi ya udongo, kimeshiba vumbi kila uzi. Haikuwa wiki waliyoiulizia wale wa maabara, ilikuwa ya baada yake, lakini kilikuwa cha kweli.

"Usiwaambie kimetoka nyumba gani," aliniomba.

Jioni ile ile, nikiwa bado na vumbi la njiani, nilimweleza bosi kila kitu. Alishauri tutume kitambaa kichafu, tuandike kwamba vile vingine viliharibiwa na unyevu. Kwa mara ya kwanza nilimkatalia. Niliandika kurasa mbili, ya kwanza ya sabuni, ya pili ya fomu zangu.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Kitambaa kimesomeka, hakina dalili ya bomu, kina vumbi la kawaida la kwetu, na kwa sababu vumbi hilo lipo, wanaamini kwamba bomu halimo. Mtambo utabaki. Vipimo vya mwaka mzima wa Mpwapwa wamevifuta vyote, na hiyo wiki waliyoiulizia, juu ya anga yetu, haitajulikana na mtu yeyote, milele.

Barua niliipeleka Mpwapwa mwenyewe, nikawasomea. Mama Ndahani alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ule uchafu wameuona?" aliuliza.

"Wameuona, mama. Wameshukuru."

Akajifunika uso kwa kanga.

Nikatoa fomu ya mwezi na kalamu, niandike kama nilivyozoea. Mzee Ndahani aliichukua ile kalamu mkononi mwangu, akaiweka mfukoni, akaniongoza kwenda uani kuuona mtambo.