Jina la Mama Mkwe kwenye Karatasi ya Novemba

Kaka wa mke wangu ni Mmoravian tena mwalimu, na mimi ni katekista wa kigango chetu hapa Ziba. Hayo mawili yalitosha kunifanya nimshuku kila aliposhuka kwenye basi la kutoka Igunga. Novemba ile nilimshuku zaidi. Mama yao alikuwa amezikwa Mei kwa ibada ya Kimoravian, na mke wangu, aliyeingia Ukatoliki tulipooana, alikuwa ameliandika jina la mama kwenye karatasi ya marehemu wa kuombewa Misa. Wamoravian hawaombei wafu, kwa hiyo nilijua mtu huyu amekuja kulifuta.

Hakusema hivyo. Alikaa, akala michembe, viazi vyetu vya kukausha, kwa karanga, kisha akaanza utani. Kwetu shemeji ni mtani. Anaweza kukuita mwizi mbele ya watoto wako nawe ukacheka. Akasema Wakatoliki tumeishiwa waumini walio hai, sasa tunaiba wafu. Nilicheka, ila moyoni nikasema haya, ndiyo anaanza.

Akauliza ombi la leo litamsaidiaje mtu aliyekufa Mei. Swali hilo nilikuwa nalisubiri kwa hamu, maana napenda kushinda, sifichi. Nikamwambia wakati nao umeumbwa, na aliyeuumba hafungwi nao. Jana na kesho ni zetu sisi. Kwa Mungu zote ziko mbele yake kwa pamoja. Ombi la leo alikuwa nalo siku mama anakata roho. Nikamchokoza: mitihani ya darasa la saba ikishasahihishwa, mbona ninyi walimu bado mnaomba watoto wawe wamefaulu?

Hakubisha. Hapo shaka yangu ikazidi, kwa sababu tangu nimfahamu hajawahi kuacha kubisha. Akauliza tena, na tena, kila mara kwa maneno mengine, kama nina hakika Mungu hafungwi na siku. Nikachukia. Nikamwambia asinizungushe, jina halifutwi.

"Shemeji, sijaja kufuta," akasema. "Nilimnunia mama mwaka mzima kwa ugomvi wa ng'ombe. Msamaha nimemwomba akiwa ameshazikwa. Sasa huo msamaha ulifika?"

Nilimtazama usoni nikitafuta utani, sikuuona. Niliona aibu. Hoja ile nilikuwa nimeiandaa kwa ajili ya kumshinda, na sasa nikaanza kuishuku yenyewe. Nikairudia kimyakimya tangu mwanzo, hatua kwa hatua, nikitafuta mahali nilipoteleza au nilipodanganya ili nishinde. Yeye alisubiri, sahani ya karanga ikiwa mapajani.

Sikupaona.

"Huo msamaha, Mungu alikuwa nao tangu mama akiwa bado hai," nikamwambia.

Akaomba maji ya kunawa. Mke wangu alipoyaleta, hakugusa sabuni. Alinawa uso tu, kwa muda mrefu.