Mlango wa Imajensi na Mtu Anayeulinda

Saa moja asubuhi, na tayari watu wamejaa mbele ya mlango wa vioo wa hospitali. Juu yake kuna neno moja kwa herufi nyekundu: EMERGENCY. Bawabu amesimama kizingitini, mikono nyuma, sare imempauka mabegani. Mwanamume mwenye tai anamsogelea huku akitazama saa.

"Mzee, nipishe. Mimi ni imajensi."

"Unaumwa nini, mwanangu?"

"Siumwi. Nakatiza tu hapa nifike maabara. Nina kikao."

"Kikao hakijaua mtu bado. Zunguka kule."

Foleni inacheka. Bawabu hacheki.

Wauguzi wanamwita Komeo, kwa kuwa mlango wake haufunguki ovyo. Ana miaka hamsini na mitatu, na goti la kulia linalomsumbua kila akisimama sana, yaani kila siku.

Kiswahili kina neno lake, dharura, zito na lisilohitaji mkalimani, lakini halijawahi kupata hata tone la rangi juu ya mlango ule. Basi watu wamelichukua hilo la kigeni na kulitumikisha watakavyo. Muuguzi akibanwa na haja, ni imajensi. Dereva wa mkubwa akitaka kuegesha gari mahali pa kushushia wagonjwa, ni imajensi. Hata mkwe wa Komeo akipiga simu na kusema, "Baba, nina imajensi," mzee anajua bila kuuliza kwamba kijana kaishiwa vocha.

Kwa uongozi wa hospitali, neno hilo lina maana tatu tu: damu inayomwagika, mtu asiyejitambua na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Wengine wote hupita kwanza dirishani kwa karani, kisha benchi.

Na karani, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri, huanza kwa salamu.

"Ndio ugonjwa wetu huo," anasema Komeo. "Mtu anakata roho, ukimuuliza habari anakwambia nzuri. Anaona aibu kutanguliza shida mbele ya salamu. Anayejua kupayuka imajensi, imajensi, huyo anaingia. Mwenye adabu zake anabaki benchi."

Jumanne iliyopita, fundi cherehani mmoja alimleta mama yake mzazi. Karani akamsalimu yule bibi. Bibi akajibu nzuri, akauliza kama watoto wa karani hawajambo. Akaambiwa akakae.

Komeo alimwona ameng'ang'ania ukingo wa benchi, jasho linamchuruzika, midomo imegeuka rangi ya jivu. Akamwendea.

"Bibi, hizo nzuri tuziweke kando. Unaumwa wapi?"

"Kifuani, baba. Kidogo tu. Kama kuna mtu amenikalia."

Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kitupu, nacho kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya majeruhi aliyekuwa njiani. Komeo alilijua hilo, kwani alikuwa ameelezwa. Akafungua mlango hata hivyo, akamshika bibi kwapani, akamwingiza.

Majeruhi aliletwa muda mfupi baadaye. Alikuwa kijana aliyeanguka akiezeka paa, na alishonwa mguu akiwa sakafuni, juu ya shuka lililokunjwa mara mbili. Yu hai, lakini kaka yake alikuja juu na kupeleka malalamiko. Bibi naye, licha ya kupata kitanda, hakuiona saa sita mchana.

Hapo ndipo Komeo alipoitwa ofisini kwa msimamizi. Yeye si daktari, akaambiwa. Ametoa kitanda cha mtu mwingine, tena bila faida. Ijumaa asubuhi ataomba radhi mbele ya wafanyakazi wote. Asipoomba, arudishe sare.

Nyumbani kwake ni chumba na sebule. Mshahara ukishalipa kodi na ada ya kitinda mimba, kinachobaki hakifiki katikati ya mwezi. Mkewe, ambaye mgongo umemzuia kufanya kazi kwa mwaka wa pili sasa, hana simile na jambo hili.

"Baba watoto, ni maneno mawili tu. Yaseme, ukitoka nje yateme."

"Nikiyasema, na kesho akija bibi mwingine?"

"Utamwangalia kama wenzako wanavyomwangalia."

"Siwezi, mke wangu."

"Basi hicho kiburi uje unionyeshe kinavyopikwa."

Komeo anasema akifukuzwa atatafuta kazi ya kupakia mizigo, kisha analitazama goti lake.

Alhamisi, fundi cherehani alirudi kuchukua kanga ya marehemu. Hakulia. "Kafa, ndiyo," alisema, akiwa amesimama kando ya bawabu. "Lakini hakufa kwenye benchi huku ananiambia hajambo. Kule ndani alilia. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akisema inauma."

Ijumaa, kabla zamu hazijabadilishana, wafanyakazi wamesimama kwa duara ukumbini. Msimamizi si mtu mbaya. Amechoka, macho mekundu, na kuna wagonjwa wanamsubiri.

"Mzee wangu, hapa hakuna anayekuchukia," anasema. "Sema neno moja, turudi kazini."

Komeo anavua kofia. Karani wa dirishani anatazama viatu vyake. Mtu anakohoa.

"Yule kijana aliyelazwa chini, nilimfuata wodini nikampa pole yake, na kaka yake akanitukana, nikanyamaza. Ilikuwa haki yake," anasema. "Ama kuhusu kufungua mlango, siombi radhi. Leo siombi, na mkiniita kesho sitaomba."